Kufunga Mvua, Mara Mbili

Siku ya kumi na sita tangu mvua ikatike, Severina alikwenda kusaga. Alikuwa na debe la mahindi kichwani na kitabu kwapani, maana foleni ya mashine ya Innocent huwa ndefu siku za Jumamosi na yeye hakuwa mtu wa kupiga soga. Alizoea kukaa juu ya gunia la pumba, kufungua kitabu chake na kuyaacha maneno ya wanawake wenzake yampite. Siku hiyo hayakumpita. Alipofika mlangoni yalikatika.

Alisalimia. Wakaitikia wote kwa pamoja, kama wanafunzi wanavyomwitikia mkaguzi. Innocent akazima mashine, jambo ambalo hafanyi hata mkanda ukitoa moshi, akajifuta unga kwenye nyusi na kumwita nyuma ya mapipa ya dizeli.

"Mwalimu," alisema, "huu si mwandiko wako?"

Alikuwa ameshika mfuko wa nailoni kwa ncha za vidole, na ndani ya mfuko kulikuwa na kipande cha karatasi ya manila ukubwa wa kiganja. Severina alikijua kabla hakijageuzwa. Alikikata mwenyewe kwa rula. Juu kabisa, kwa kalamu nene ya wino, palikuwa na jina: YUNISI. Chini yake palikuwa na mistari mitatu.

*Kufunga mvua: siku kumi na nne kila mara. Mara mbili.*

*Kutuma fisi: mara moja.*

*Kumjua mwizi kwa kunusa unga wake.*

Aliuliza imetoka wapi. Innocent alimweleza kwamba aliiokota sakafuni Jumatatu, baada ya Bibi Yunisi kufungua fundo la kitenge chake pale mashineni. Alidhani ni maelezo ya dawa ya kuku, maana yule bibi anafuga, kwa hiyo akaisoma kwa sauti ili mwenyewe akiwa bado karibu aisikie. Bibi alikuwa ameshaondoka. Waliosikia ni watu wa foleni, na foleni ya Jumatatu ilifika barabarani.

Severina alinyoosha mkono. Innocent akaurudisha mfuko nyuma ya mgongo wake, bila ukali.

"Nisamehe, mwalimu. Mazengo amesema nisiitoe kwa mtu mpaka kesho."

Mazengo ni kamanda wa sungusungu, walinzi wa kitongoji. Severina aliliacha debe lake pale pale na kutoka nje.

Severina alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisomea ualimu chuo kikuu Dodoma, akarudi kwao, kitongoji kilicho mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka Mtinko, akawa anajitolea kufundisha sekondari ya kata huku akisubiri ajira. Sauti yake darasani ilifika dawati la tatu. Wa nyuma walipiga gumzo na yeye aliwaacha, kwa kuwa kuwakemea kungemlazimu atazamwe na wote kwa wakati mmoja.

Kitu kimoja tu kilimfanya aongee bila kuogopa, nacho ni mchezo aliofundishwa na msichana waliyekaa naye chumba kimoja hosteli. Watu wanakaa kuizunguka meza. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi hiyo na kusema anafanya nini, na akijaribu jambo gumu anarusha kete. Hakuna ubao wala mshindi. Kinachomwongoza kila mchezaji ni kadi yake, inayoeleza mtu wake ana uwezo gani. Severina aliyatoa majumba ya kizungu na mapanga yake, akaweka majabali, njaa, wezi wa ng'ombe na visima vilivyokauka. Walicheza Jumapili mchana katika chumba cha Editha, fundi cherehani. Wachezaji walikuwa Editha mwenyewe, Alute ambaye ni mfugaji na binamu yake Severina, na Bibi Yunisi.

Bibi Yunisi aliingia kwa bahati. Alileta kitenge kishonwe, akakaa kusubiri, akamsikia Alute akihangaika kupitisha mbuzi wa hadithi kwenye mlima wa hadithi. Akasema mbuzi hapiti hapo, mpitishe chini kwenye kivuli. Kitenge kilikwisha kushonwa na yeye hakuondoka. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika.

Mwanzoni kadi ilikuwa na neno moja tu. Editha aliandikiwa *Fundi*, Alute *Mfugaji*, Bibi Yunisi *Mganga*. Neno lilibeba chochote ambacho mwenye neno aliweza kukitetea. Wiki ya nne Alute alinung'unika. Bibi akitaka kuponya, yeye mganga. Akitaka kujua njia, mganga. Akitaka kumtisha mwizi, mganga huyo huyo. Na yeye mfugaji wake anajua ng'ombe tu. Bibi alimjibu kwamba ulimi wake ndio mfupi, neno halina kosa.

Severina aliibeba hoja ile nyumbani kama mtu aliyepewa kazi ya mtihani. Neno pana linampa mchezaji uhuru, lakini linaleta ubishi, na mwenye maneno mengi ndiye anayeshinda. Neno jembamba halina ubishi, ila lisiloandikwa halifanyiki. Alipima, akafuta, akapima tena. Mwishowe akachagua wembamba. Kila kadi ingekuwa na uwezo wa aina tatu uliotajwa waziwazi, na ule mkubwa ungewekewa kiasi na idadi ya mara, ili hata mganga aishiwe.

Alute aliomba wa kwake ageuke simba. Severina alikataa papo hapo. Kuna mambo huko kwao hayachezewi. Wazee bado wanakumbuka watu waliouawa ndani ya mashamba ya uwele, na hakuna aliyethubutu kusema kama aliyeua alikuwa mnyama au binadamu. Alilikata neno simba, akajiona amekuwa mwangalifu. Mvua hakuiogopa kabisa. Ilikuwa Desemba, na siku hiyo bati la Editha lilipigwa mpaka ikabidi wapigiane kelele ili kusikia kete imesema ngapi. Mtu anayechota maji sakafuni kwa sufuria hafikirii kwamba mvua inaweza kuwa neno la hatari.

Jina la mchezaji aliliandika juu kwa wino ili kadi zisichanganyike. Jina la mtu wa hadithi, *Mganga wa Majabalini*, aliliweka chini yake kwa penseli, kwa sababu watu wa hadithi hufa na kadi hutumika tena. Bibi Yunisi aliomba kukaa na kadi yake nyumbani. Aliifunga kwenye kitenge, ikakaa humo wiki tano ikisuguana na nguo, na penseli ikafutika.

Njiani kuelekea kwa Bibi Yunisi alizeti zilikuwa zimeinamisha majani kama masikio ya mbwa aliyepigwa. Waliokuwa wakipalilia walisimama na kumtazama. Hakuna aliyemwita. Alitamani kukimbia, lakini akaona mtu anayekimbia ataulizwa anakimbilia nini.

Alimkuta bibi anawamwagia kuku chenga. Alikuwa mjane wa miaka sitini na nane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, akiishi peke yake nyumba ya mwisho kabla ya majabali. Severina alipiga goti kidogo, akaamkia, na kabla hajaitikiwa akaanza kueleza huku machozi yanamtoka. Bibi alimwacha amalize.

"Nimeshajua," alisema. "Jana mke wa Idrissa alikuja kununua jogoo. Hakununua. Aliniuliza nimebakiza siku ngapi."

Severina alikaa chini kwenye vumbi.

"Miaka ishirini wananisema kwamba ninajua," bibi aliendelea. "Yunisi anajua. Basi, linaishia hapo. Wanasema leo, kesho wananunua mayai. Neno lile lilikuwa halina kazi. Wewe ndiye umelipa kazi, mjukuu wangu. Umelipa na siku zake."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwogofya Severina zaidi. Maana aliona sasa jinsi hesabu ilivyokaa. Siku kumi na nne zilipita bila tone, kwa hiyo mara ya kwanza ilikuwa imetumika. Sasa walikuwa ndani ya mara ya pili. Mvua ikinyesha siku ya ishirini na nane, kadi imesema kweli. Ikinyesha kabla, bibi ameogopa akafungua. Isiponyesha kabisa, ameongeza. Mezani angeisifu kanuni kama hiyo, isiyo na tundu la mtu kuponyoka.

Alimsihi aende Mitundu kwa binti yake, aondoke leo leo. Bibi aliwatazama kuku wake.

"Na nikiondoka ikanyesha nyuma yangu? Sitarudi tena hapa, hata kuzikwa na mume wangu. Nikikaa, Mazengo ana vijana wenye mapanga na wana njaa inayokuja. Chagua wewe uliyesoma."

Severina alimsaidia kufungia kuku, akarudi kwao.

Kesho yake mchana Michael, mwenyekiti wa kitongoji, aliwaita kwenye ghala la alizeti. Ghala lilikuwa tupu na lilinuka mafuta ya mwaka jana. Michael alikaa nyuma ya meza akiwa na daftari na muhuri wake. Mazengo alisimama kando yake, na vijana wanne walikaa mlangoni. Hawakuwa wamemshika mtu yeyote. Walikaa tu mlangoni. Watu walijaa hadi ukutani, na katikati, kwenye benchi moja, waliwekwa Severina na Bibi Yunisi.

Mwenyekiti aliifungua shughuli kwa kusema kwamba serikali haitambui uchawi na kwamba kikao hiki ni cha kuulizana tu kama majirani. Alipomaliza kusema hivyo alijifuta jasho. Severina akaelewa kwamba na yeye anaogopa, na kwamba kwa hiyo hapakuwa na mtu mle ndani wa kuwalinda.

Mazengo aliinua ule mfuko wa nailoni. Akauliza nani aliandika.

"Mimi," alisema Severina.

"Ongea watu wasikie."

"Mimi. Ni mchezo. Tunacheza kwa Editha siku za Jumapili. Bibi ni mganga kwenye hadithi tu."

"Hapa pameandikwa hadithi?"

Hapakuwa pameandikwa. Alieleza habari ya penseli, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anadanganya. Alute alisimama kumsaidia. Alisema jamani hata yeye ana kadi, akaitoa mfukoni na kuisoma: kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kutazama kwato. Sauti kutoka nyuma ikauliza, na je, unamtambua? Alute alikuwa kijana mkweli na mwenye kujivunia kazi yake. Akajibu ndiyo, namtambua, kila mtu hapa anajua. Akakaa chini taratibu, akiwa ameona alichokifanya.

Mazengo hakuwa na haraka.

"Siku kumi na nne," alisema. "Nani alisema kumi na nne?"

"Mimi."

"Kwa nini si kumi? Kwa nini si mwezi? Mtu anayetunga anasema siku nyingi, anasema mpaka watu wakome. Wewe umesema kumi na nne."

Angeweza kusema imetokea tu. Baadaye alijilaumu usiku na mchana kwa kutolisema neno hilo dogo. Lakini alikuwa ameulizwa sababu ya kanuni, na sababu alikuwa nayo, na tangu utoto hakuwahi kuulizwa swali lenye jibu akanyamaza.

"Kwa sababu mahindi yakiwa kwenye mbelewele," alisema, "yakikosa maji wiki mbili, hayabebi."

Kila aliyekuwa mle ndani, shambani kwake mahindi yalikuwa kwenye mbelewele.

"Kwa hiyo ulipima," alisema Mazengo.

"Nilipima."

Kijana mmoja mlangoni alisimama. Michael alimwambia akae, na kijana alichukua muda mrefu kukaa. Watu walianza kuongea Kinyaturu, chini kwa chini. Severina alisikia neno la kumpeleka bibi majabalini akafungue alikofungia.

Ndipo bibi aliposema.

"Mimi kadi sikuandika. Nilipewa. Na kwa Editha tulivyocheza tangu mwanzo, aliyeandika ndiye anayefuta. Mwulizeni kama nasema uongo."

Hakumtazama Severina. Ilikuwa kweli, ndivyo kanuni ilivyokuwa. Mchezaji haruhusiwi kugusa maneno ya kadi yake. Anayesimulia ndiye anayeongeza na kupunguza. Macho yote yakatoka kwa kikongwe, yakahamia kwa mwalimu, na Severina akasikia kama mzigo unashushwa kwenye kichwa kimoja na kutwikwa kingine. Hakujua kama bibi alikuwa anajiokoa kwa kumtosa yeye, au anamwonyesha mlango pekee uliobaki. Labda bibi naye hakujua.

"Ni kweli?" Michael aliuliza, na sauti yake ilikuwa na matumaini. "Ukifuta, yanakwisha?"

Jibu la elimu yake lilikuwa kwamba hakuna cha kwisha, ni manila na wino. Akilitoa jibu hilo, bibi anabaki na mara yake ya pili na vijana wanabaki mlangoni. Akisema yanakwisha, amekubali kwamba yalikuwepo, na kwamba mwenye kuyaweka ni yeye. Alizitazama nyuso. Zilikuwa nyuso za wazazi wa wanafunzi wake, za waliomtwika ndoo ya kwanza alipokuwa mdogo. Zilimwogopa.

"Yanakwisha," alisema.

Akapewa kalamu. Mazengo aliitoa kadi kwenye nailoni kwa mara ya kwanza na kuiweka mezani. Severina alikata mstari wa mvua. Alikata wa fisi. Mwenyekiti akamwomba akate na ule wa unga, asibakize kitu, na aweke sahihi pembeni ya kila alipokata, maana karatasi ikikatwa bila sahihi haina nguvu. Akaweka sahihi tatu. Michael akaandika tarehe, akapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukukolea. Kadi ikabaki na jina tu.

Vijana walitoka mlangoni. Bibi Yunisi aliinuka, akajifunga kitenge vizuri na kwenda kwake, na watu walimpisha kama wanavyompisha mzee yeyote. Mke wa Idrissa alimwuliza kama yule jogoo bado yupo. Severina alipotoka, hawakumpisha kwa namna ile. Walisogea mbali naye zaidi.

Mvua ilinyesha Jumatano saa kumi jioni. Ilianzia upande wa kaskazini, ikashuka na kelele yake, ikalowesha nusu ya kitongoji na kusimama kwenye mpaka wa shamba la Idrissa kana kwamba imekuta ua. Upande wa pili vumbi halikulala.

Editha alisema kwa upole kwamba Jumapili hii ana nguo nyingi za kushona, na ile inayofuata pia. Mashineni Severina aliwekwa mbele ya foleni na Innocent alimtwika debe mwenyewe, hakukubali kushukuriwa. Shuleni aliingia kidato cha pili akaanza kusoma shairi kwa sauti yake ile ile ya dawati la tatu, na darasa zima likasikia, mpaka wa nyuma kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua kwa nguvu.

Ijumaa, akirudi, alimwona Idrissa amesimama njiani pembeni ya shamba lake. Idrissa ni rika la baba yake Severina. Waliwahi kuchunga pamoja. Alikuwa amevua kofia yake, ameishika kwa mikono miwili. Severina alitafuta njia ya kukatia, lakini kulia kulikuwa na miiba na kushoto zilikuwepo alizeti zake zilizokauka. Akaendelea kutembea.

Alipomkaribia, kabla hajamwamkia, Idrissa aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. Kisha, polepole, huku akitazama chini: "Na mimi nina watoto. Hilo shamba la upande huu, usilisahau."

Severina alijua anasubiriwa aitikie marahaba. Angeitamka, asingekuwa tena mtoto wa pale. Akapiga goti kwenye vumbi, chini kuliko siku zote.

"Shikamoo, baba," alisema.

Idrissa hakuitikia. Alisubiri aitikiwe yeye. Wakabaki hivyo njiani, mmoja kapiga goti na mwingine kavua kofia, salamu mbili zimetolewa na hakuna aliyethubutu kupokea.